Pendekezo la Utafiti Mtambuka: Kutoka Doti Moja ya Kanga hadi Jibu la Msimamizi

Kila msimu wa maombi ya vyuo naletewa mapendekezo ya utafiti niyasome kabla hayajatumwa. Wengi wanataka kusoma uzamili au uzamivu unaovuka ukuta wa idara: fasihi na historia, muziki na anthropolojia, isimu na sanaa za ufundi. Karibu wote wanaangukia shimo lile lile. Ukurasa wa kwanza unasema, "Utafiti huu utatumia mkabala wa taaluma mtambuka." Kurasa kumi zinazofuata ni fasihi tupu. Ukurasa wa mwisho historia inakumbukwa kwa sentensi mbili, kama mgeni aliyechelewa harusini akaletewa ukoko.

Langu mwenyewe la kwanza lilirudi na alama moja tu ya kuuliza, kwa kalamu nyekundu, pembeni ya neno "mtambuka". Hakuna maelezo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile alama ilikuwa maelezo tosha.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho: kanga. Wewe weka chako mahali pake, iwe ngoma ya jando, picha za studio za zamani, milango ya Lamu au nyimbo za harusi. Hatua ni zile zile.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kitu kimoja cha kushikika au kusikika kinachohusu utafiti wako. Wazo peke yake halitoshi.
- Mwongozo wa pendekezo wa chuo unachoomba. Kuna chuo kinachotaka kurasa tano na kingine ishirini. Ukikosea hapo husomwi.
- Tasnifu mbili zilizokwisha kupita, moja kutoka kila taaluma unayotaka kuiunganisha.
- Vyeti, nakala za matokeo, na majina ya watu wawili watakaokuandikia barua za mapendekezo. Waombe sasa hivi, usingoje wiki ya mwisho.
- Programu ya kutunzia marejeo. Zotero ni ya bure na inatosha.
- Wasomaji wawili: mmoja wa taaluma yako, mwingine ambaye si wa taaluma yako kabisa.
- Wiki sita hadi nane. Anayeandika kwa wikiendi mbili huwa ananakili la mwenzake.

## Hatua ya 1: Weka kitu mezani

Usianze na "Nafasi ya mwanamke katika jamii ya Waswahili". Mada ya namna hiyo inakuruhusu useme chochote, na utasema chochote kweli. Kitu kilicho mbele yako kinakubana.

Kitandaze, kikague, kisha andika ukurasa mmoja wa unachokiona kabla hujafungua kitabu chochote.

Mimi niliazima kanga ya shangazi yangu. Mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, wa rangi ya haradali, korosho nne kubwa pembeni na moja katikati. Pindo jeusi lenye madoa meupe. Chini ya mji, ndani ya kisanduku, jina, yaani msemo wa kanga: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Na kwenye ukingo kabisa, karibu na upindo, herufi ndogo za mfanyabiashara na namba ya muundo. Ile namba sikuiona mpaka siku ya tatu, maana nilikuwa nasoma jina tu, kama tunavyofanya wote tuliosomea fasihi.

Nikamuuliza shangazi kwa nini aliinunua. Akasema, "Sikuinunua. Nililetewa." Akacheka, akakataa kunitajia aliyemletea.

Andika na hayo pia. Jina la kanga linabadilika likisemwa na aliyeinunua, aliyeitoa zawadi au aliyepelekewa, na neno moja la shangazi lilikuwa limenifungulia nusu ya utafiti.

Umefaulu ukiona: una ukurasa mmoja na maswali yasiyopungua matatu ambayo huwezi kuyajibu kwa kukitazama kile kitu tu.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali taaluma yako inapokwama

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoangusha watu. Nitakaa hapa kidogo.

Mwanafunzi wa fasihi akipewa kanga hufanya jambo moja: anakusanya majina 150, anayapanga kwenye mafungu. Mapenzi, dini, malezi, vijembe, siasa. Anachambua mizani, sitiari na mafumbo. Kwa shahada ya kwanza ni kazi nzuri. Kisha mtahini anamuuliza: maneno haya nani aliyachagua? Mvaaji? Mwenye duka? Mchoraji wa kiwandani? Pale pale fasihi inaishiwa pumzi. Ndani ya maneno yenyewe jibu hamna. Liko kwenye daftari za oda, kwenye sampuli za wafanyabiashara, kwenye kumbukumbu za viwanda.

Basi mpe mwanahistoria. Anajua kwamba kanga za Afrika Mashariki kwa nyakati mbalimbali zimechapwa Uholanzi, Uingereza, India na Japani kabla ya viwanda vya hapa. Anajua majina ya zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya herufi za Kilatini kushika nafasi. Akipata nyaraka atakwambia doti ngapi zilishuka bandarini. Lakini muulize kwa nini doti moja ikipelekwa kwa mke mwenza inazua ugomvi wa miaka, hana la kusema. Bili ya mzigo haina kijembe.

Mtu wa sanaa naye ataona kitu ambacho hao wawili hawakukiona: mji na jina havisafiri pamoja. Muundo ule ule unaweza kurudi na jina jipya, na jina lile lile likarudi juu ya mji mwingine. Kwa maana hiyo kuna mtu, mahali fulani, aliyekuwa anavioanisha. Yumkini hakujua hata neno moja la Kiswahili.

Umeona? Kila mmoja amefika kwenye ukuta, na ufunguo wa mlango wake anao jirani. Taaluma mtambuka ni hapo tu. Kupenda vitu vingi hakukupi sababu ya kuviunganisha.

Sasa andika sentensi nne, bila mapambo:

1. Taaluma yangu inaeleza hiki.
2. Inakwama hapa.
3. Inakwama kwa sababu hii.
4. Ili nivuke nahitaji chombo hiki kutoka taaluma ile.

Zangu zilikuwa hivi. *Fasihi inaeleza namna jina la kanga linavyofumba na kufumbua. Inakwama kwenye swali la nani aliyelitunga na kuliagiza. Inakwama kwa sababu inalichukua jina kama methali isiyo na mwenyewe. Ili nivuke nahitaji mbinu za mwanahistoria za kusoma kumbukumbu za biashara na viwanda.*

Tahadhari: usiandike "hakuna aliyewahi kutafiti jambo hili". Kanga imeandikiwa sana, kwa Kiswahili na kwa lugha za kigeni, na msomaji wa kwanza wa pendekezo lako huenda ni mmoja wa walioandika. Hata kama pengo ni la kweli, pengo peke yake si sababu. Hakuna aliyetafiti idadi ya vifungo kwenye makoti ya wahadhiri, na afadhali ibaki hivyo.

Umefaulu ukiona: ukimsomea mtu wa taaluma ya pili sentensi yako ya nne, anaitikia kwa kichwa na kusema, "Hiyo kweli tunaweza kukusaidia." Akisema "inapendeza", rudi nyuma.

## Hatua ya 3: Swali moja, sentensi moja

Tazama swali linavyonyooka.

Bovu: *Umuhimu wa kanga katika utamaduni wa Mswahili.* Hili hata si swali.

Afadhali: *Uchambuzi wa majina ya kanga Dar es Salaam.* Mahali papo, lakini bado hujauliza kitu.

La kutuma: *Tangu mwaka 1968, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam, hadi milango ya biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, majina ya kanga zilizochapwa nchini yalichaguliwa na nani, na wanawake waliozivaa waliyapa maana gani?*

Miaka hiyo ina sababu yake. Mwanzo ni kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China, kilichosogeza uchapaji karibu na mvaaji. Mwisho ni wakati bidhaa za nje zilipoanza kumiminika tena. Kama huwezi kueleza kwa nini umeanzia mwaka fulani, msomaji atadhani umeanzia ulipozaliwa.

Jaribio: funika nusu ya swali kwa kiganja. Ukifunika "yalichaguliwa na nani", historia inaondoka. Ukifunika "waliyapa maana gani", fasihi inaondoka. Ikiwa umefunika nusu na utafiti bado unasimama wima, ile nusu nyingine ilikuwa pambo.

## Hatua ya 4: Sema nyumbani ni wapi

Fomu ya maombi ina nafasi ya idara moja. Mtahini wa nje atatoka taaluma moja. Cheti kitataja shahada moja. Kwa hiyo chagua nyumbani, na useme waziwazi: "Utafiti huu uko katika fasihi ya Kiswahili na unaazima mbinu za historia ya biashara."

Taaluma mbili zinatosha. Tatu ni za uzamivu wenye wasimamizi wawili waliokubaliana. Wanaoandika nne, kwa nilivyoona, huwa hawajatulia hata kwenye moja.

Sababu ni ya kawaida tu: usipojitaja nyumbani, kila idara itadhani wewe ni wa jirani, na faili litazunguka ofisini mpaka muhula uanze.

## Hatua ya 5: Mapitio ya machapisho yazungumzishe rafu mbili

Kosa la kawaida ni orodha: fulani alisema hivi, fulani naye akasema vile. Fanya hivi badala yake. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto weka kazi za taaluma yako, kulia za taaluma ya pili. Kisha tafuta kitu kile kile kinachoitwa kwa majina mawili.

Maneno yaliyo kwenye kanga, mwanafasihi anayaita matini, mwanahistoria anayaita chanzo, mfanyabiashara anayaita jina la mzigo. Kila mwito unabeba dhana yake. Matini huchambuliwa, chanzo huhojiwa ukweli wake, mzigo huulizwa bei. Tengeneza kamusi ndogo ya maneno kumi ya namna hiyo uiweke ukutani. Itakuokoa siku ya utetezi, pale mjumbe atakapokuuliza "unamaanisha nini ukisema chanzo" huku wewe ukidhani umeeleweka.

Umefaulu ukiona: kila aya ya mapitio ina mtu wa kushoto na mtu wa kulia.

## Hatua ya 6: Ushahidi uko wapi, na nani ana ufunguo

Hapa maneno makubwa huisha. "Nitatumia mbinu ya maktabani na uwandani" haimwambii mtu chochote. Kwa kila aina ya ushahidi jibu maswali matatu: uko wapi, nani atakuruhusu, na ukishaupata utausomaje.

Kwa mfano wetu, yangekuwa haya.

*Kanga zenyewe.* Ziko kwenye masanduku ya watu, na British Museum ya London ina mkusanyiko. Mwenye sanduku ndiye mwenye ufunguo. Pima, piga picha mji, pindo na jina, andika na ile namba ya ukingoni.

*Kumbukumbu za serikali na biashara.* Anzia Nyaraka za Taifa Dar es Salaam; kwa Unguja, nyaraka ziko Kilimani. Ukitaka kurudi nyuma ya 1968, kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iliwahi kuchapa kanga za soko letu, na Mombasa kuna wafanyabiashara wa Mtaa wa Biashara, ambako alama ya "Mali ya Abdulla" inajulikana hadi leo.

*Wauzaji wa jumla.* Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam. Nenda asubuhi mapema au alasiri mzigo ukishatulia. Saa nne ya asubuhi hakuna mwenye duka atakayekusikiliza.

*Wavaaji.* Mahojiano, kwa Kiswahili, na waliokuwa watu wazima miaka ile. Hesabu umri wao. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1970 sasa ni bibi wa haja, kwa hiyo waanze hao kabla ya nyaraka. Faili litakungoja.

Sasa tahadhari, na hizi zimewaumiza watu.

Tarehe. Namba ya muundo na alama ya mfanyabiashara ni dalili, hazithibitishi mwaka. Miundo hurudiwa. Ukimuuliza mwenyewe "hii ya mwaka gani", atakwambia "ya zamani". Muulize badala yake: ulikuwa unakaa wapi ulipoipata? Mtoto gani alikuwa mgongoni? Kanga na watoto hukumbukwa pamoja.

Vibali. Tanzania Bara, vibali vya utafiti vinasimamiwa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kenya ni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na maombi hufanywa mtandaoni. Zanzibar ina utaratibu wake, usidhani kibali cha Bara kinakutosha ukishashuka bandarini Malindi. Chuo chako nacho kitataka kibali cha maadili. Weka miezi, si wiki.

Siri za watu. Jina la kanga linaweza kuwa kombora la ugomvi ambao wahusika wake bado wanapishana sokoni. Ridhaa ya kupiga picha kanga haimaanishi ridhaa ya kusimulia alipelekewa na nani. Andika kwenye pendekezo namna utakavyoficha majina. Shangazi yangu alikataa kumtaja mtu, na amebaki hajatajwa.

Herufi. Kama swali lako linarudi enzi za herufi za Kiarabu na wewe huzisomi, sema lini na wapi utajifunza. Kuficha upungufu ni kosa baya kuliko upungufu wenyewe.

Mwisho weka njia ya pili. Nyaraka za kiwanda zisipopatikana, je? Mimi ningeandika: nitawategemea waliofanya kazi kwenye uchapaji na mauzo, na swali la "nani alichagua" litajibiwa kwa masimulizi, nikieleza udhaifu wake.

Umefaulu ukiona: mgeni akisoma sehemu hii anaweza kupanda daladala kesho na kuanza kazi yako bila kukupigia simu.

## Hatua ya 7: Mwandikie msimamizi

Tafuta mtu kwanza, jina la chuo lije baadaye. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, iko Unguja. Kenya kuna Nairobi, Kenyatta na Moi. Nje, Kiswahili kina mizizi ya muda mrefu SOAS ya London, Bayreuth na Leipzig Ujerumani, na L'Orientale ya Naples. Soma makala mbili za unayemwandikia. Ukikuta amechoka na mambo ya kanga tangu zamani, mwache, mtafute mwingine.

Barua pepe iwe fupi hivi:

*Kwako Profesa,*

*Natumaini u mzima. Mimi ni mhitimu wa shahada ya kwanza ya Kiswahili na natarajia kuomba uzamili mwakani. Nataka kutafiti ni nani waliochagua majina ya kanga zilizochapwa Tanzania kati ya 1968 na katikati ya miaka ya 1980, na wavaaji waliyaelewaje. Makala yako kuhusu ushairi wa wanawake imenisaidia kuona namna fumbo linavyotegemea msikilizaji, ila mimi nakwama kwenye upande wa waagizaji, ndiyo maana nataka kuazima mbinu za historia. Nimeambatisha ukurasa mmoja. Je, una nafasi ya kusimamia kazi ya aina hii, au kuna mwenzako wa kunielekeza kwake?*

*Wako mtiifu,*

Basi. Usiambatishe kurasa thelathini. Usitume barua moja kwa watu ishirini; wanafahamiana, na wengine wanakaa korido moja. Usipojibiwa kwa wiki mbili, kumbusha mara moja tu.

Kuhusu ada: soma masharti kabla ya kuota. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza unalipia uzamili wa mwaka mmoja na unataka uzoefu wa kazi, haugusi uzamivu. Ufadhili wa Commonwealth una milango ya uzamili na ya uzamivu. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma, nayo ina programu kadhaa. Tarehe za kufunga nyingi huangukia karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, na hapo ndipo wengi hukosa.

## Hatua ya 8: Ratiba na bajeti

Fupi tu. Saa moja ya mazungumzo yaliyorekodiwa hula saa nne hadi sita za kunukuu, na wanawake watatu wakicheka kwa pamoja juu ya kanga huongeza. Mahojiano ishirini ni miezi, si siku.

Kwenye bajeti watu husahau bando, nauli za kurudi mara ya pili kwa mtu yule yule, na sukari. Huendi kwa bibi mikono mitupu. Ila usiandike "malipo kwa wahojiwa", kamati ya maadili itakurudishia. Uliza chuo chako kinaitaje takrima.

## Hatua ya 9: Wasomaji wawili, kisha tuma

Mpe mwanahistoria zile kurasa za fasihi na mwanafasihi zile za historia. Ndiyo, kinyume. Kila mmoja apigie mstari neno asilolielewa. Mistari ikizidi kumi, kamusi yako ya Hatua ya 5 haijafanya kazi.

Likirudishwa, angalia limerudishwa na nani. Maoni ya "hujasoma vya kutosha" ni ya kazi ya mwezi. Maoni ya "hili si letu" yanakurudisha Hatua ya 4. Alama tupu ya kuuliza pembeni ya "mtambuka" ni Hatua ya 2, hakuna njia ya mkato.

Ukishatuma, usikae ukifungua barua pepe kila baada ya saa. Kuna bibi mtaani kwenu mwenye sanduku. Nenda ukamwamkie, bila kinasa sauti wala daftari, maana kibali bado. Siku hiyo kanga usizitaje kabisa.